Nyumba ya mawe iwe nyumba ya watu: mwongozo kamili wa kugeuza jengo la kale la pwani kuwa kituo cha sanaa

Jengo la kale la pwani likishafungwa kufuli, kuanguka kwake kumeanza. Marizabu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paani, huziba kwa majani na uchafu wa kunguru, maji ya masika hutuama juu, hupenya ukutani, vichwa vya boriti huoza, na kwa vile hakuna anayelala humo, hakuna anayeona mpaka jiwe la kwanza lidondoke njiani. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, matengenezo ya kwanza ya nyumba kuukuu ni kuitia watu. Linalobaki ni kuamua watu gani, wafanye nini humo, na nani alipe.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya wasanii, vyama vya vijana na akina mama, na warithi walioachiwa nyumba ya babu wasijue waifanye nini. Nimeulenga kwenye nyumba za matumbawe, chokaa na boriti: Unguja, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, Pangani. Mwenye jengo la tofali la wakati wa Mwingereza huko bara atanufaika na hatua nyingi, ila sehemu ya chokaa aisome kwa tahadhari.

Waliotangulia

Jambo hili si geni kwetu. Ngome ya Lamu ilikamilika mwaka 1821, serikali ya kikoloni ikaifanya gereza, na wafungwa hawakutoka moja kwa moja hadi 1984. Leo ina makumbusho, maktaba na ua ambamo mji hukutana. Fort Jesus ya Mombasa nayo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Ngome Kongwe ya Unguja imekuwa jukwaa la tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998, na la Sauti za Busara lililoanza 2004. Kando ya bahari, Mizingani, jengo la forodha ya zamani lilikuwa kwa miaka mingi makao ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, ambako vijana wa mjini walijifunza udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla. Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa mwaka 1866 na 1867 wakati wa Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, lilinusurika kubomolewa mwaka 1979, na tangu 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji.

Ukiyatazama vizuri, utaona kuwa kila moja lilipewa kazi linayoiweza. Ngome Kongwe hupokea umati kwa sababu umati unakaa uani, juu ya ardhi, chini ya mbingu. Hakuna sakafu ya juu ya kuvunjika. Shule ya muziki inahitaji vyumba vingi vidogo vyenye kuta nene, na forodha ilikuwa navyo. Miradi mingi inayokufa hufuata njia ya kinyume: watu huja na mpango tayari, kisha huanza kulikata jengo lifanane na mpango.

Nairobi kuna somo jingine. Shirika la Book Bunk lilipoingia ubia na serikali ya kaunti kufufua maktaba za umma, lilianza na matawi ya mitaani ya Kaloleni na Makadara, si jengo kubwa la McMillan la mwaka 1931 lililoko katikati ya jiji. Kwa kuanza na dogo, unajifunza kazi pale ambapo hasara yake inabebeka.

Hatua ya 1: Mjue mwenye nyumba

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kabla hata ya mfuko mmoja wa chokaa. Nyumba ya kale pwani huwa mojawapo ya hizi tatu.

Ya kwanza ni ya mirathi. Babu alifariki, watoto ni saba, wawili wako Muscat, mmoja London, mmoja hasemi na wenzake. Anayewapa funguo anaweza kuwa na sehemu ndogo kabisa ya haki. Takeni hati ya mirathi kutoka kwa kadhi au mahakama, na sahihi ya kila mrithi au ya wakili aliyepewa madaraka kwa maandishi. Neno la "shangazi amekubali" halitoshi, hata kama shangazi mwenyewe ndiye aliyewapikia chai.

Ya pili ni ya wakfu. Haiuzwi, na matumizi yake yamefungwa na nia ya mweka wakfu. Zanzibar mtazungumza na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya iko tume ya wakfu. Ulizeni mapema kama muziki, filamu au mgahawa vinakubalika, kwa sababu jibu linaweza kuwa hapana, na ni bora mlisikie kabla ya kuchora ramani.

Ya tatu ni ya serikali. Mji Mkongwe, nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na ndani yake kuna wapangaji wa muda mrefu. Kama jengo lina wapangaji, hao si kikwazo cha kuondolewa. Ndio wanaojua bomba gani linavuja na mlango gani haufungi tangu lini. Kituo kinachoanza kwa kuwatoa watu watatu wazee hakitapendwa na mtaa hata kikifanya hisani gani.

Mkataba uwe mrefu kiasi cha kurudisha gharama. Kwa jengo linalohitaji paa na boriti mpya, mimi sishauri chini ya miaka 10, na uwe na haki ya kuongezwa. Uandikwe wazi: nani analipia paa na kuta, nani analipia mambo ya ndani, kodi inapunguzwaje kwa fedha mlizotia kwenye matengenezo, mnaruhusiwa kupangisha chumba kwa mtu mwingine au la, na milango ya kuchonga, madirisha na makabati ya ukutani yaorodheshwe kwa picha, kwamba hayang'olewi wala kuuzwa na upande wowote. Kipengele hicho cha mwisho watu hukiona kidogo. Mlango wa kuchonga una bei kubwa, na wanunuzi wapo.

Hatua ya 2: Lisome jengo

Kabla ya kualika mkandarasi, kaeni na jengo. Chukueni futi ya utepe, daftari na simu yenye kamera, mpime kila chumba na kukichora: urefu, upana, kimo, unene wa ukuta, mwelekeo wa boriti. Pigeni picha kila ukuta, na kila picha iwe na jina la chumba. Ramani yenu haitakuwa nzuri kama ya msanifu, lakini itawafanya mjue mnazungumzia nini naye.

Vipimo vichache vya kufanya wenyewe:

Gongeni lipu kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Palipo pazima hulia kwa uzito. Palipoachana na jiwe hulia wazi, kama mtungi mtupu. Zungushieni chaki.

Tafuteni shura, ule unga mweupe wa chumvi. Ikiwa chini tu, hadi kiunoni hivi, maji yanapanda kutoka ardhini. Ikiwa juu karibu na dari, maji yanatoka paani. Ikiwa ni doa moja katikati ya ukuta, upande wa pili kuna bomba au choo.

Chukueni bisibisi nyembamba mchome vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati ya chumba boriti inaweza kuonekana imara, rangi yake nyeusi nzuri, na ndani ya ukuta ikawa unga. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, boriti hiyo haibebi kitu. Inabebwa na mazoea. Tazameni pia njia za udongo za mchwa.

Kwa nyufa, wekeni alama. Chora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, uandike tarehe, na upige kipande kidogo cha jasi juu ya ufa. Jasi ikipasuka, ukuta bado unatembea. Fanyeni hivyo katika masika na vuli ikiwezekana. Ufa wa miaka 50 uliotulia ni historia tu. Ufa mdogo unaoongezeka ndio wa kuitia mhandisi haraka.

Na mhandisi mumuite kwa vyovyote, awe anayezijua nyumba za chokaa. Asiyezijua ataangalia ukuta wa matumbawe na udongo na kuagiza nguzo za zege kila pembe. Zege na ukuta laini havitembei pamoja, na penye kukutana ndipo ukuta utakapopasuka.

Hatua ya 3: Kila chumba kipewe kazi inayokifaa

Wazo la kwanza la karibu kila kikundi ni kubomoa ukuta wa kati wapate ukumbi. Msifanye. Nyumba ya kale ina vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi, na zimelala juu ya hizo hizo kuta mnazotaka kuzibomoa. Ukuta wa kati ndio unaobeba nyumba.

Jambo la pili ni uzito. Wahandisi huhesabu sakafu ya nyumba ya kuishi kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Mahali pa watu waliosimama na kucheza huhesabiwa kilo 500 hivi. Sakafu ya kale yenyewe ni nzito, ni boriti, mawe na chokaa iliyoshindiliwa, na imeshachukua sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwapo. Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu: umati ukae chini, uani. Juu waende wachache, na idadi iandikwe mlangoni. Harusi ya binti wa katibu isipandishwe ghorofani kwa sababu upepo ni mzuri.

Baada ya hapo mgawanyo huja wenyewe. Daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia) hufaa mapokezi, na pia kumpa mpita njia nafasi ya kuchungulia bila kujifunga kuingia. Ua ni wa ngoma, mashairi, hadithi za watoto, filamu za usiku kwa shuka jeupe. Misana, yaani vyumba virefu vinavyotazama ua, ina mwanga wa kutosha na hewa. Hapo wekeni kushona, ususi wa mikeka, kuchora, uandishi wa hati za Kiarabu. Chumba cha ndani chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kiwe cha maonyesho: zidaka zilitengenezwa kushika vyombo vya kaure, zitashika vinyago na picha ndogo vizuri vile vile, na hakuna msumari utakaopigwa ukutani. Ghala lisilo na dirisha, ambalo kila mtu hulidharau, ndilo studio ya kurekodia. Kuta zake nene huzuia kelele za nje. Mwangwi wa ndani muuvunje kwa mazulia, mikeka na magodoro yaliyosimamishwa.

Ofisi? Kichumba kidogo kabisa kilichobaki. Nimeona vituo ambavyo chumba kizuri kuliko vyote, chenye roshani na bahari, kina meza ya mkurugenzi na kiyoyozi, na watoto wanajifunza ngazini.

Hatua ya 4: Kaa na mtaa

Nyumba ya mji wa kale imegusana na majirani kwa kuta, mara nyingine kwa paa. Kelele zenu ni kelele zao. Kabla ya kuomba kibali chochote nendeni kwa sheha, au mwenyekiti wa mtaa, au mzee wa mtaa Kenya, kisha kwa imamu wa msikiti wa karibu, kisha nyumba kwa nyumba. Msiwaite watu ukumbini mkawaonyesha slaidi. Kaeni barazani baada ya alasiri, muulize na msikilize.

Mambo yatakayoulizwa nayajua karibu yote. Muziki utazimwa saa ngapi, na wakati wa adhana je? Mwezi wa Ramadhani mtafanya nini? Pombe itauzwa? Je, dirisha lenu la juu litatazama ua wa Bi fulani? Swali hili la mwisho wageni hulichukulia wepesi, na ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Nyumba hizi zilijengwa kwa sitara; dirisha lililozibwa zamani lilizibwa kwa sababu. Kabla ya kulifungua kwa ajili ya mwanga, pandeni mtazame linaona nini.

Kuhusu pombe, amueni mapema na muandike. Mgahawa wenye bia huleta fedha za watalii na huwafunga nje akina mama wengi, walimu wa madrasa na watoto wao. Hamwezi kuwa na vyote viwili ndani ya ua mmoja, ingawa wafadhili wengine watawaambia inawezekana.

Wekeni pia saa za wanawake peke yao, siku maalumu, mlango umefungwa. Kwa wengi hiyo ndiyo siku ya kwanza watakayoingia.

Na kama baraza ya nje ina wazee wanaokaa hapo kila jioni kucheza bao, baraza ni yao. Msiweke mabango juu yake wala meza za kahawa. Hao ndio walinzi wenu, bila mshahara.

Hatua ya 5: Vibali

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Ndani ya maeneo hayo hata kubadilisha dirisha kunahitaji ruhusa. Unguja mwende Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lamu na Mombasa, ofisi za Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na kaunti. Sheria inayotawala ni ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine yakishatangazwa.

Pelekeni picha, ramani yenu, maelezo ya matumizi ya kila chumba, na orodha ya vifaa. Ombeni afisa aje jengoni kabla ya kuandika barua rasmi. Afisa aliyepanda ngazi zenu na kuona boriti iliyooza ataandika mapendekezo tofauti na aliyeona karatasi mezani. Mabadiliko ya matumizi kutoka makazi kwenda mahali pa umma huwa kibali cha peke yake, na zimamoto na afya watakuwa na yao.

Hatua ya 6: Matengenezo

Fuateni utaratibu huu bila kuuruka: maji kwanza, kisha kinachobeba, kisha ngozi ya ukuta, rangi mwisho. Wafadhili hupenda rangi kwa kuwa inapiga picha nzuri. Rangi juu ya ukuta wenye maji hudumu mpaka mvua ijayo.

*Kabla ya kugusa kitu, egemezeni.* Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakafa. Jengo la kale huwa limejisawazisha kwa namna yake, na kuondoa kitu kimoja kunaweza kuhamisha mzigo mahali msipopategemea. Wekeni miti ya kuegemeza chini ya boriti kabla ya kutoa hata moja. Fungeni njia ya chini. Mtu yeyote asilale wala kufanyia mazoezi ndani ya sehemu inayotengenezwa, hata kama tamasha liko wiki ijayo.

*Maji.* Safisheni marizabu na mifereji, muelekeze maji mbali na msingi. Tazameni tangi la paani: lita 2,000 ni tani mbili, zimekaa juu ya boriti zile zile. Tangi lishushwe chini, juu yake pabaki dogo tu linalokaa juu ya ukuta mnene. Mabomba yasifichwe ndani ya kuta. Yapite nje yaonekane, yakivuja yaonekane. Matone ya viyoyozi yanayoanguka ukutani mchana kutwa ni mvua ya mwaka mzima.

*Boriti.* Mikoko inalindwa, hivyo nunueni penye kibali na risiti. Wauzaji hupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti yenyewe huwa na unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Mkipata mbao ngumu za kuvuliwa kwenye jengo lililoanguka, bora zaidi. Badilisheni moja moja, kwa zamu. Kichwa kinachoingia ukutani kiachiwe hewa, kisizungushiwe saruji. Badala ya kubadilisha boriti nzima iliyooza kichwa tu, fundi mzuri anaweza kuweka mhimili mwembamba kando ya ukuta unaoipokea kabla ya pale palipooza. Mtaona, na si vibaya kuona.

*Chokaa.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo majengo huuawa kwa nia njema.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke. Lipu ya saruji huyazuia, nayo yakitafuta njia hubeba chumvi, chumvi hukauka nyuma ya saruji, ikavimba, na baada ya miaka michache lipu hudondoka kwa mabamba makubwa ikiwa imechukua na uso wa jiwe. Fundi atasema "tutatia saruji kidogo tu ishike haraka." Hapana. Fundi wa saruji ni mzuri kwa nyumba ya saruji.

Chokaa ikishachomwa tanuuni huzimwa kwa maji. Hapo huchemka na kurusha, hivyo macho yavaliwe miwani na watoto wakae mbali. Iwe ni chokaa inayotiwa kwenye maji, si maji kumwagiwa juu ya chokaa. Iliyozimwa ikae shimoni au pipani chini ya maji, wiki kadhaa, ikiwezekana miezi mitatu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, mpaka inakatika kwa mwiko kama siagi ngumu. Changanyeni sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiutumie. Tafuteni wa shambani au wa mto, msafi, wenye chembe ndogo na kubwa. Mchanganyiko upigwe sana kwa koleo na miguu, maji kidogo, mpaka uanze kunata.

Ukuta mbovu ukwanguliwe hadi kwenye jiwe, mashimo yazibwe kwa vipande vya matumbawe na chokaa, siyo kwa lipu nene. Ulowesheni jana yake na tena asubuhi. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko lishike, unene usiozidi sentimita moja hivi, liachwe siku kadhaa liimarike kabla ya la pili. Jua ni adui: tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, muyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa inayokauka upesi hupasuka na kubaki unga. Hii ndiyo sababu kazi ya chokaa haina haraka, na mkataba na mkandarasi usimwadhibu kwa kusubiri.

Juu yake papakwe maji ya chokaa, tabaka tatu nne nyembamba. Rangi ya mafuta na ya plastiki zibaki dukani.

Wachukueni vijana wanne watano wa mtaa wafanye kazi hii chini ya fundi mzee, wakilipwa. Mtakuwa mmepata mafundi wenu wa miaka ijayo, na mzee atakuwa amepata wa kumrithi.

Hatua ya 7: Umeme, vyoo, moto

Waya za zamani zitolewe zote. Mpya zipite kwenye mabomba juu ya lipu, bila kuchimba mifereji ukutani. Umeme wa spika na taa za jukwaa uwe na njia yake, na swichi kuu iwe karibu na mlango.

Vyoo vijengwe chini, kwenye pembe ya ua au kwenye nyongeza inayoweza kuondolewa siku moja bila kuumiza nyumba. Choo cha ghorofani katika nyumba ya boriti ni deni.

Ngazi za kale ni nyembamba na kali. Kama kuna moja tu, idadi ya watu juu iamuliwe na ngazi hiyo. Mitungi ya kuzimia moto iwekwe kila ghorofa, na mlango mkuu usifungwe kwa komeo ndani wakati wa shughuli. Kwa asiyeweza kupanda, shughuli zote kuu ziwe chini, na kizingiti cha mlango kiwekewe ubao wa mteremko unaoondolewa. Kizingiti chenyewe kisikatwe.

Hatua ya 8: Fungueni kabla hamjamaliza

Msisubiri nyumba nzima. Ua ukiwa salama na chumba kimoja kikavu, anzeni: jioni moja ya mashairi kwa wiki, darasa la watoto Jumamosi, maonyesho ya picha za harusi za zamani ambazo majirani wenyewe wamezitoa kabatini. Mtajua nani anakuja, saa ngapi, na chumba gani hakitumiki. Mara nyingi mpango wa ramani hubadilika hapa, na kubadilisha sasa ni bure.

Hatua ya 9: Fedha na uendeshaji

Bajeti ya matengenezo iwe na akiba ya kama robo kwa yaliyofichika ukutani, kwa sababu yatakuwapo. Fedha za wafadhili ni za kujenga. Zikitumika kulipa mishahara, siku zikiisha kituo kinaisha. Mishahara, umeme na chokaa ya kila mwaka zitoke kwenye jengo lenyewe: vyumba vya mafundi wanaolipa kodi nafuu, ada ya studio, ukumbi wa semina, duka dogo, chai na vitumbua uani.

Fungueni akaunti ya jengo peke yake, yenye saini tatu, moja ikiwa ya mtu wa mtaa asiye mwanachama. Sehemu ya kila kodi iingie humo moja kwa moja, isiguswe kwa jambo lingine. Kisha wekeni kalenda: kabla ya masika, paa na mifereji, baada ya masika, kugonga lipu na kusoma alama za nyufa, kabla ya vuli, mchwa na vichwa vya boriti, kiangazi, maji ya chokaa nje.

Jihadharini na mgahawa. Ndio unaoingiza zaidi, hivyo kila mwaka utaomba meza mbili za ziada, kisha msana mmoja, kisha ua siku za Ijumaa. Mipaka yake ichorwe kwenye mkataba kwa mita, na siku za jamii zitajwe kwa majina.

Bei za kukodi ziandikwe ubaoni pale tekani, kila mtu azione: moja ya kikundi cha mtaani, moja ya shirika, moja ya kampuni na sherehe za wageni. Msiba wa mtaa haulipi. Daftari la kuandikisha likae mezani wazi, kwa kalamu, na aliyeandikisha kwanza ndiye mwenye siku hiyo, awe nani.